Mume Mbele ya Ndugu Zake: Ugumba na Upendo wa Ndoa Ukerewe na Mwanza

Jumamosi asubuhi, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinapokutana Kirumba au Nyakato, jijini Mwanza, wanawake hujitambulisha kwa majina ya watoto: Mama Neema, Mama Masanja. Zamu ikimfikia asiye na mtoto, hutaja jina lake la ubatizo kwa sauti ya chini, na mwenye daftari huandika upesi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Kila mara mumewe, aliyeketi hatua mbili tu kutoka pale, aliinamisha kichwa. Makala haya yanamhusu yeye.

Mahubiri ya ndoa huku kwetu humwelekea mke: avumilie, aombe, asubiri. Lakini Mwanzo 2:24 humwagiza mwanamume ndiye awaache wazazi wake. Kwa desturi ya Wakerewe na Wasukuma anayehama ni mke. Mume hubaki nyumbani kwa baba yake, kati ya mama, shangazi na kaka zake. Kwa hiyo kuacha huko si kubeba mizigo. Ni kukataa kwamba ndugu zake ndio wenye neno la mwisho juu ya mkewe.

Hakuna aliyelieleza hilo vizuri kuliko Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945; ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki 1981. Bugonoka, mke wa Myombekere, anatukanwa na ndugu wa mume kwa kukosa mtoto, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anamfuata, anaomba radhi, anakubali kuwapikia wakwe pombe ya ndizi. Kazi hiyo si ndogo: ndizi huvundikwa hadi ziive, zikakamuliwa kwa nyasi, togwa likachanganywa na unga wa nafaka na kuachwa lichachuke. Wengi huzisoma kurasa hizo kama ghala la mila. Mimi naziona ni jibu la mume kwa ukoo wake, tena mbele ya majirani wote.

Utaniuliza: upendo huo ni wa Kikristo vipi, ikiwa hadithi ni ya kabla ya wamisionari, na hatimaye wawili hao wanapata watoto? Swali ni la haki. Jibu limo nyumbani kwa mwandishi. Kitereza na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto, naye hakuoa mwingine. Wahusika wake aliwapa faraja ambayo yeye hakuipata, na ahadi yake akaishika hivyo hivyo.

Sheria nazo huilinda ahadi kama hiyo. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa Katoliki husema ugumba haubatilishi ndoa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nacho hakiruhusu ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani igeuzwe ya wake wengi, maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Ila sheria haisikii wifi anachonong'ona jikoni. Mume husikia.

Ndiyo maana mafundisho ya ndoa parokiani yanapaswa kumtaka mwanamume aende hospitali pamoja na mkewe, naye apimwe. Kikao cha ukoo kikiitishwa, aanze yeye kusema. Na kama tatizo limeonekana kwake, alitamke kwa kinywa chake, mama yake akiwa amekaa hapo hapo.