Udongo ulioshindiliwa: Mvua inyeshapo mahindi yakabaki na kiu

MKULIMA akiona mahindi yamenyauka siku chache tu baada ya mvua nzuri, aghalabu huilaumu mbegu au hali ya anga. Katika mashamba ya Thika na Ruiru, kama kwingineko kunakolimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzika, chanzo chaweza kuwa karibu zaidi: tabaka gumu la udongo, chini kidogo ya kina kinachofikiwa na jembe au plau, ambalo halipitishi maji wala mizizi.

Takriban nusu ya ujazo wa udongo wenye afya ni nafasi ndogo ndogo za maji na hewa. Uzito wa trekta, kwato za ng'ombe, au jembe linalogota kina kile kile kila msimu huzibana nafasi hizo. Zile kubwa, ambazo ndizo hushusha maji ya mvua upesi, hutangulia kuziba. Hasara yake si ndogo. Mvua ya milimita 20 huangusha karibu lita 80,000 za maji katika ekari moja, na maji hayo yasipopata njia ya kushuka hutiririka kuelekea mtoni pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa bei ghali.

Kabla ya kutafuta tiba, sharti mkulima ajue analima udongo gani. Magharibi mwa barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, kuelekea Gatundu na Githunguri, udongo kwa jumla ni mwekundu na wenye kina kirefu. Huo hauvimbi sana unapolowa, hivyo ukishashindiliwa hubaki hivyo kwa miaka mingi. Mashariki, katika nyanda za Juja na sehemu za chini za Ruiru, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Nyufa hizo hurekebisha zenyewe sehemu ya madhara. Anayelima udongo mweusi kwa hiyo hana haja kubwa ya kulipia mashine ya kupasua ardhi. Tatizo lake ni siku ya kulima, maana kipindi kati ya tope na ugumu wa jiwe ni kifupi mno.

Hapo ndipo mkulima na mwenye trekta ya kukodi wanapokosa kuelewana. Trekta huja kwa zamu, na mvua za Machi zikishaanza kila mtu huitaka kwa wakati mmoja. Wengi huogopa kuipoteza nafasi, nao huiruhusu iingie shambani hata kama magurudumu yanazama. Kipimo cha kuamua ni rahisi: udongo uchukuliwe kutoka kina cha kulima na kuviringishwa viganjani. Ukitoa uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, ni mbichi mno na trekta haina budi kusubiri. Ukimong'onyoka, kazi na iendelee.

Safari ya kwanza ya gurudumu ndiyo hufanya sehemu kubwa ya uharibifu. Ni heri basi magari yapite njia zile zile kila mara kuliko kuzurura shamba zima. Lori la kubeba mavuno au mawe ya ujenzi ni hatari kuliko trekta ndogo, kwani ekseli inayozidi tani 10 juu ya ardhi yenye maji hushindilia hadi nusu mita chini, mahali ambapo plau ya kawaida haifiki.

Anayeshuku kuna tabaka gumu achimbe shimo la sentimita 50 ardhi ikiwa na unyevu kiasi, kisha adunge ukuta wake kwa kisu toka juu hadi chini. Mahali kisu kinapokwama, na mizizi ya mahindi inapopinda na kwenda kando, ndipo palipo na kizuizi. Kumlipa mwenye mashine kabla ya kuchimba shimo hilo ni kutupa fedha.

Upasuaji wenyewe hufanywa ardhi ikiwa kavu, ili tabaka livunjike. Ukifanywa kwenye ubichi, chuma hukata mfereji tu na kuzilainisha kuta zake. Wilayani Babati, kaskazini mwa Tanzania, plau za sahani zilikuwa zimeacha tabaka la namna hiyo chini ya mashamba ya mahindi, na katika miaka ya 1990 wakulima walisaidiwa kulipasua kwa trekta. Hata hivyo, anayerudia plau ile ile kwa kina kile kile hulijenga upya.

Mizizi mirefu ya mbaazi na njahi husaidia kuzishika njia zilizofunguliwa. Mabua yangefaa kuachwa shambani, lakini Kiambu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na mabua ni chakula chao. Ushauri wa kuyaacha yote hautekelezeki hapa. La muhimu ni samadi irudi katika shamba lililotoa mabua hayo.

Wapo pia wanaokodi vipande vya ardhi vinavyosubiri mnunuzi, hasa Ruiru ambako mashamba ya kahawa yamegeuzwa kuwa mitaa. Mtu aliyekodi kwa msimu mmoja hatapanda mbaazi inayokaa shambani miezi tisa, wala hatagharimia kupasua ardhi ya mwingine. Kwake yeye yanabaki yasiyo na gharama: kusubiri udongo ukauke kiasi, kuliweka lori barabarani na kubeba magunia mabegani hadi lilipo.