"Mlikuja Wengi Sana" Si Jibu

Wasee, leo tuongee historia kidogo, na si ile ya wakoloni mliyokariri mkiwa shule. Hii ni ya tovuti iliyoanguka siku ya kwanza kabisa, dunia nzima ikiangalia.

Tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununua bima ya afya chini ya sheria aliyoipigania Rais Barack Obama. Walengwa wakubwa walikuwa watu wasiopata bima kazini, wale ambao ugonjwa mmoja unaweza kuwafilisi. Saa chache tu, kurasa zikaganda. Nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha waliofaulu kujiandikisha siku hiyo walikuwa 6. Watu sita, kwa nchi yenye zaidi ya watu milioni 300!

Utetezi ukaja haraka. Todd Park, aliyekuwa afisa mkuu wa teknolojia wa serikali hiyo, alisema walitarajia watu kati ya 50,000 na 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja kama 250,000. Ukisikia hivyo unaweza hata kuwahurumia. Lakini ngoja kwanza. Gazeti la Washington Post liliripoti kwamba siku chache kabla ya ufunguzi, tovuti ilijaribiwa kwa kuigiza watumiaji mia kadhaa tu, ikaanguka. Wakafungua tu hivyo hivyo. Na tarehe 24 Oktoba, kampuni zilizoijenga zilipoitwa mbele ya Bunge, ilijulikana kwamba mfumo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulijaribiwa wiki mbili za mwisho pekee.

Kujaribu mzigo wenyewe si uchawi. Unaandika programu inayojifanya watu: mmoja anafungua ukurasa, anasoma sekunde kadhaa, anajaza jina, anabonyeza. Halafu unawazidisha. Unaanza na 100, unapanda hadi 1,000, unapanda hadi 10,000, huku ukiangalia seva zinavyohema. Zamani kazi hii ilitaka chumba kizima cha kompyuta. Lakini tangu Amazon waanze kukodisha kompyuta za wingu mwaka 2006, mambo yamekuwa rahisi. Unakodi mashine mia kwa saa moja, unazituma zikaisonge tovuti yako mwenyewe, ukimaliza unazizima na unalipia hiyo saa tu. Programu ya bure kama JMeter, ambayo ilianza 1998, inatosha kuanzia. Kwa hivyo kufikia 2013, hakuna mtu angesema vifaa vilikosekana.

Kazi iko kwa kusoma matokeo. Bosi atakuuliza wastani, na wastani ni mwongo sana. Chukua watu 100. Watu 90 wamehudumiwa kwa sekunde 1, na 10 wamengoja sekunde 60. Wastani ni sekunde 6.9. Ripoti inapendeza, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyengoja sekunde 6.9, na wale kumi walishakata tamaa wakaenda. Ndiyo maana wajuzi huwapanga watu kwa muda waliongoja, wakamuuliza yule wa 95 ameonaje. Kisha wanatafuta makosa yanaanza mzigo ukifika wapi, na ni sehemu gani inalemewa kwanza.

Kwa HealthCare.gov, sehemu moja iliyolemewa mapema ilikuwa mlango wenyewe. Watu walilazimishwa kufungua akaunti kabla ya kuona bima zinauzwa bei gani. Ni kama duka linalodai kitambulisho chako kabla hujauliza bei ya mkate. Hata aliyekuja kuchungulia tu alisukumwa kwenye foleni ile ile.

Uokoaji uliongozwa na Jeff Zients, na miongoni mwa walioitwa ni Mikey Dickerson, mhandisi kutoka Google. Walichokuta ni aibu: hakukuwa na skrini ya kuonyesha hali ya mfumo mzima. Watu walikuwa wanatengeneza gari gizani. Wakaweka vipimo, wakaanza kukutana kila siku, wakarekebisha kasoro zaidi ya 400. Kufikia 1 Desemba, serikali iliripoti muda wa kujibu umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya 1, na makosa kutoka asilimia 6 hadi chini ya 1. Kufikia Aprili 2014, watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia masoko ya serikali kuu na ya majimbo.

Sasa usidhani kupita mtihani kunamaliza mambo. Tarehe 9 Agosti 2016, Australia ilifanya sensa mtandaoni. Hao walikuwa wamejaribu mfumo wao hadi fomu milioni 1 kwa saa, na walijisifu hadharani. Usiku huo yakaja mashambulizi madogo ya kuisonga tovuti, ruta moja ikazima ikakataa kurudi vizuri, na sensa ikafungwa karibu saa 40. Hakuna aliyewahi kuizima hiyo ruta na kuiwasha aone itafanya nini. Jaribio hujibu swali ulilouliza tu.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mwaka 2023 serikali yetu ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na mwezi uliofuata mashambulizi yakaiyumbisha, watu wakakosa huduma. Paspoti, leseni, cheti cha kuzaliwa, vyote vinapita mlango mmoja. Portal ya serikali ikikwama siku ya mwisho ya maombi, utasikia Wakenya wanapenda dakika za mwisho. Aki jameni! Siku ya mwisho iliwekwa na wao wenyewe, tarehe wanaijua, idadi ya waombaji wanaikadiria. Anayeumia ni yule aliyenunua bando ya shilingi ishirini akaimalizia kwa ukurasa unaozunguka tu.

Mimi nataka kitu kimoja. Kabla portal yoyote ya umma haijafunguliwa, watuambie ilijaribiwa kwa watu wangapi, yule wa 95 alingoja sekunde ngapi, na ni nani aliyeweka sahihi akasema ifunguliwe.