Sikukuu ya Kuizomea Njaa



Kila tumalizapo kuvuna twala na kushiba, na tukiisha kushiba twasahau. Wahenga walinena: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo yatufaa kuitazama desturi ya Waga, wenyeji wa Accra katika nchi ya Ghana, ambao sikukuu yao ya mavuno huiita Homowo, maana yake kuizomea njaa.

Asili yake, kama wazee wao wasimuliavyo, ni hii. Hapo kale mvua ilikatika, wakapatwa na njaa kuu. Hawakukata tamaa, bali walilima kwa bidii. Na mvua iliponyesha wakavuna tele. Ndipo walipoicheka ile njaa na kuizomea.

Katika mwezi wa Mei makuhani wa jadi hupanda nafaka. Kisha ngoma na makelele hupigwa marufuku kwa muda wa siku 30 hivi. Sikukuu ikaribiapo, wale wakaao mashamba ya mbali hurejea mjini siku ya Alhamisi pamoja na mavuno yao. Siku yenyewe hupikwa kpokpoi, chakula cha unga wa mahindi kilichochanganywa na mafuta ya mawese, nacho huliwa kwa mchuzi wa chikichi na samaki. Machifu hukinyunyiza chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Na nyumbani mkubwa na mdogo hutia mkono katika chombo kimoja. Kesho yake watu huwalilia wafu wao, na waliokosana hupatana.

Nasi tunayo ya kukumbuka. Wakamba huiita njaa moja ya miaka ya 1980 Nikwa Ngwete, yaani nafa na fedha mkononi: fedha zilikuwapo, lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Je, ni watoto wangapi wa mjini walijuao jina hilo na maana yake? Nawasihi wazee wawasimulie habari hizo wakati wa kula, chakula kingali mbele yao.

Neno hili lahusu chama chetu pia. Mchango hutolewa siku ya shibe ili umfae mwenzetu siku ya dhiki. Naye aliyeisahau njaa haoni sababu ya kuutoa.