Mganga wa Mji na Kopo la Maziwa

Katika maongezi haya twataka kueleza habari za kazi isiyosifiwa sana, nayo ni ulinzi wa maziwa na wa mahali pa kazi.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliyaamuru mabaraza ya mitaa ya London yaweke waganga wa afya, wasiotibu mgonjwa mmoja mmoja, bali kuangalia afya ya watu wote. Mtaa wa Islington ulimweka Edward Ballard mwaka 1856.

Basi mwaka 1870, mwezi wa Julai na Agosti, homa ya matumbo ilizuka Islington. Kijidudu chake kilikuwa hakijajulikana. Eberth alikieleza mwaka 1880. Ballard hakuweza kumwona adui, lakini aliweza kutazama njia aipitayo. Aliona ya kuwa wagonjwa wengi walikuwa katika nyumba zilizonunua maziwa kwa muuzaji mmoja. Hapo palikuwa na tangi la maji chini ya ardhi, nayo yamechafuliwa na mifereji ya taka. Ballard akakata shauri kwamba maji hayo yameingia katika maziwa.

Tufikiri jambo hili. Mama anunuaye maziwa hawezi kuona tangi la muuzaji. Maziwa ni meupe, na weupe wake huficha mengi. Jicho na ulimi havitoshi. Kwa hiyo yapasa mtu mwingine aende kutazama kwa niaba yake. Amri ya mwaka 1885 ilitaka wauza maziwa waandikishwe, mazizi yawe na hewa na maji safi, na mwenye ugonjwa wa kuambukiza asikame.

Sababu iyo hiyo iliwapeleka wakaguzi karakanani. Sheria ya mwaka 1901 ilitaka kila mfanya kazi apate nafasi ya futi za ujazo 250, tena ilikataza tanuri mpya za mikate chini ya ardhi. Nguo nazo zisishonwe katika nyumba yenye ndui, kwa kuwa mvaaji hajui ilikotoka.

Wahenga walisema, Tahadhari kabla ya hatari. Nasi tuchemshe maziwa, tuoshe vyombo kwa maji safi. Na mkaguzi ajapo kutazama kisima, tusimwone mgeni mdadisi. Amekuja kwa ajili ya mtoto wa jirani, na wa kwetu pia.