Mafuta Ghali na Mashua za Starehe

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu jambo ambalo huenda wengine mkaliona dogo: mashua za starehe. Nazo ni zile zisizovua samaki wala kuchukua shehena, bali humpeleka mwenyewe na jamaa zake kutembea majini siku ya mapumziko, na jioni zikawarudisha gatini.

Mtauliza, yatufaa nini sisi watu wazima kujifunza habari za matembezi? Yatufaa kwa sababu hii: mafuta yakipanda bei, watu hutazama kwanza lile wasilolihitaji. Basi mashua ya starehe ni kama kipimo. Ukiichunguza, waona jinsi watu wachaguavyo mfuko unapobana. Tutaanza Marekani, ambako mashua za namna hiyo ni nyingi mno, tupitie Uingereza, kisha turejee pwani yetu.

Zamani matembezi ya majini yalikuwa ya tanga na makasia. Mwaka 1909 Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway na kukulia Marekani, alitengeneza mjini Milwaukee mashine ya petroli ya kufungwa nyuma ya mashua, tezini. Mtu aliweza kuibeba mkononi, akaifunga katika mashua yake ya makasia, akaenda zake. Mwaka 1922 kijana mmoja wa Minnesota, Ralph Samuelson, alisimama juu ya mbao mbili katika Ziwa Pepin akivutwa kwa kamba na mashua, na mchezo mpya ukaanza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja mashua za faibaglasi, ambazo hazitaki kukalafatiwa kila mwaka. Mtu wa bara aliipakia yake juu ya tela, akaivuta kwa gari hadi ziwani. Petroli ilikuwa rahisi, na wachache waliihesabu.

Sasa tuelewe kwanza jinsi mashua inavyokula mafuta. Mashua nzito yenye urefu wa futi 25 majini huenda bila taabu hadi karibu maili 6 na nusu za baharini kwa saa. Hapo yapasua maji tu. Ukitaka kuzidisha mwendo, wimbi la omo huwa kama kilima mbele yake, na mashine yenye nguvu nyingi lazima iipandishe mashua iteleze juu ya maji. Hapo ndipo petroli inapokwisha. Kadiri wanayoitumia mafundi ni hii: mashine ya petroli ya nguvu za farasi 100, ikifunguliwa kabisa, hula kama lita 38 kwa saa, yaani karibu madebe mawili. Kwa saa 4 ni lita 152. Kumbe ghali hasa ni haraka, kwa maana mashua ile ile ikienda taratibu hula sehemu ndogo tu ya mafuta hayo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Baharini, mwenda pole pia hafilisiki.

Mambo yalibadilika mwezi wa Oktoba, 1973. Nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza uchimbaji na kuinyima Marekani mafuta yao, kwa ajili ya vita vya Mashariki ya Kati. Pipa moja lililouzwa kwa dola kama 3 lilipita dola 11 ilipofika Januari 1974. Tarehe 25 Novemba 1973, Rais Richard Nixon aliwaomba wenye vituo vya petroli wasiuze tangu Jumamosi usiku mpaka Jumapili usiku. Lakini Jumapili ndiyo siku ya mwenye mashua! Hata kama fedha anazo, petroli ya gari la kuvuta tela ataipata wapi? Kwa hiyo shida ilikuwa mbili, bei na uhaba, na uhaba humgusa hata tajiri.

Je, watu waliacha maji? La. Wengi walibadili desturi. Walikwenda karibu, wakatia nanga mapema, wakakaa zaidi mahali pamoja. Wengine walipenda mashua nzito za mwendo wa pole. Tanga nalo lilizidi kupata wapenzi: Laser, mashua ndogo ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4 na kidogo, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada, ilienea duniani kote, na ubao wenye tanga ulipendwa sana Ulaya.

Walakini mwanafunzi wa historia na awe mwangalifu. Laser ilianza kuuzwa mwaka 1971, na ule ubao ulibuniwa miaka ya 1960, kabla ya shida ya mafuta. Kwa hiyo tusiseme kwamba petroli ghali ilizizaa. Tuseme kwamba ziliikuta petroli ghali nazo ziko tayari, zikiwa nyepesi na za bei nafuu.

Shida ya pili ilikuja mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran. Mwaka 1980 Wizara ya Nishati ya Marekani ilileta shauri kwamba, mafuta yakipungua mno, mashua za starehe zizuiwe mwisho wa juma. Hapo pakazuka ubishi mkubwa. Upande mmoja ulisema: Hospitali na mashamba yatakosaje mafuta, na watu wanacheza majini? Upande wa pili ulijibu: Starehe ya mmoja ni kazi ya mwingine. Yuko aundaye mashua, atengenezaye mashine, auzaye chambo, na mwenye hoteli ya gatini. Kwa nini wabebe wao mzigo wa nchi nzima? Shauri lile halikutekelezwa, lakini swali lake halijafa.

Uingereza ililijibu kwa njia ya kodi. Tangu tarehe 1 Novemba 2008, mwenye mashua ya starehe alitakiwa kulipa kodi kamili kwa dizeli ya kuendeshea mashua, na kodi ndogo kwa dizeli ya kupashia joto na kuwashia taa. Mnunuzi hutamka mwenyewe sehemu gani ni ya safari. Sheria ilikiri kwamba kwa wengine mashua ni nyumba, na ya kwenda ni mbali na ya kukaa.

Turudi kwetu. Lamu hata leo watu hushindana kwa majahazi ya tanga, na starehe yao yategemea upepo, si pampu ya petroli. Lakini mvuvi mwenye mashine hana uchaguzi wa yule Mmarekani. Samaki wakiwa mbali, hawezi kusema, "Leo nitatia nanga karibu." Petroli ikipanda, mwenye starehe hupunguza mwendo, mvuvi hupunguza unga wa nyumbani. Basi tunapogawana kilicho haba, haitoshi kuuliza nani anatumia kingi. Tuulize pia nani aweza kupunguza bila kuumia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini mwendo wa haraka hula mafuta mengi kuliko mwendo wa pole?
2. Lipi lilibadili zaidi desturi za watu mwaka 1973, bei au uhaba? Toeni sababu.
3. Kama mafuta yangepungua kijijini kwenu, nani angepunguziwa kwanza, na nani angepoteza kazi kwa ajili hiyo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.