Them Mushrooms: Wenye Salamu Yao

Saa mbili usiku, wageni wa hoteli za ufukweni Watamu wakiwa mezani, gitaa hulia, kayamba likaitikia, na waimbaji wenye mashati ya kitenge wakaanza kupita meza hadi meza. Wimbo ni ule ule: "Jambo Bwana". Wengi wanaoupiga waliukuta, na wapo wanaodhani ni wa jadi, hauna mwenyewe. Unaye.

Bendi ya Them Mushrooms iliundwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana. Majina ni ya kwetu: hebu ita "Kalume!" au "Katana!" sokoni Gede uone watakaogeuka. Ndugu hawa walipiga rege na kutafuta riziki katika hoteli za pwani, mbele ya wasikilizaji wanaokuja na kuondoka kila wiki, wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Ni kwa ajili ya hadhira hiyo Kalanda alitunga "Jambo Bwana". Siri yake ni uchache wa maneno: salamu, jibu lake, karibu, na neno la kumtoa mgeni wasiwasi. Mmoja huanza, wenzake huitikia. Ukirudiwa mara ya pili, mgeni ameshaushika. Wenyewe hatuamkiani kwa "Jambo" tu. Huulizwa "Hujambo?", ukajibu "Sijambo", kisha zikafuata habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Kalanda aliifupisha salamu ili itoshe ulimi wa mgeni.

Wimbo ulitolewa na PolyGram mwaka 1982. Kwa hesabu ya bendi yenyewe, ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani wakatoa toleo lao, na Safari Sound Band nao wakaupiga kwa mtindo wao. Kila aliyeuchukua aliufikisha mbali zaidi, na kadiri ulivyokwenda mbali ndivyo jina la mtunzi lilivyosahaulika.

Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi. Haikukaa ikila jasho la wimbo mmoja: ilipiga chakacha na benga, ikarekodi na mwanamuziki mkongwe Fundi Konde na pia mwimbaji wa taarab Malika. Baadaye ikajulikana pia kwa jina la Uyoga, tafsiri ya lile la kwanza.

Teddy Kalanda alifariki mwaka 2024. Salamu yake ingali inaimbwa kila usiku, pengine na kijana ambaye hajawahi kulisikia jina lake. Basi ninyi mnaoupiga hapa Watamu, kabla ya kumwamkia mgeni mtajieni Kalanda wa Them Mushrooms. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alicheza kwao.