Ndege za kwanza za vita zilipaa juu kiasi gani?

Ndege za kijeshi za mwanzo zenye jozi moja ya mabawa, zilizotumika kati ya 1911 na 1916, nyingi zilikomea mita 1,000 hadi 4,000. Lakini vitabu vya rekodi vina tarakimu kubwa zaidi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Januari 1910, Mfaransa Hubert Latham alifika mita 1,000. Desemba 1912, Roland Garros, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, alifika mita 5,610 huko Tunis. Huo ni urefu unaoupita Mlima Kenya wenye mita 5,199. Mwaka uliofuata, Georges Legagneux alivuka mita 6,000.

Vitani hali ilikuwa tofauti. Oktoba 1911 nchini Libya, Kapteni Carlo Piazza wa Italia aliruka na Blériot XI kuchunguza majeshi ya Waturuki. Ndege aina hiyo ilifika takriban mita 1,000 tu, na ikishuka chini ya hapo ilikuwa shabaha ya bunduki za askari wa ardhini. Taube, iliyotumiwa na Waitaliano hao hao kudondosha mabomu Novemba mwaka huo, ilifika kama mita 2,000.

Kufikia 1915, Fokker E.III ya Ujerumani, yenye injini ya nguvu za farasi 100 na bunduki ya rashasha, iliweza kufika mita 3,600. Hata hivyo, kupanda hadi mita 3,000 kulichukua karibu nusu saa.

Kwa nini ilikuwa vigumu? Kadiri unavyopanda, hewa hupungua. Injini hukosa pumzi na mabawa hukosa hewa ya kutosha ya kuyabeba. Kwenye mita 5,500, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa ufuoni. Aliyeweka rekodi aliruka bila silaha. Rubani wa vita alibeba bunduki, risasi na mafuta ya kumrudisha kambini.

Tofauti hiyo iligharimu maisha. Aliye juu ndiye aliyechagua wakati wa kushambulia. Mapema 1916, Wafaransa walipoleta Nieuport 11, yenye mabawa ya juu na ya chini, iliyopanda haraka na kufika juu zaidi, enzi ya Fokker ikaanza kufifia.